Mkasi wa Mama Yenu

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Ijumaa, baada ya sala ya alasiri.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakuumba kitu chochote bure.

Mpendwa shemeji yangu,

Amani na rehema Zake zikufikie wewe, mumeo na wanao huko mliko. Natumaini kifua chako kimetulia, na kwamba baridi haikuandami kama mwaka jana. Sisi tunapumua, tunasali na tunashukuru. Magoti yangu yamegoma kupanda ngazi za msikiti, hivyo darasa langu la Ijumaa nalisomesha katika chumba cha chini.

Barua yako ilifika salama. Umemwomba dada yako akuandikie njia zake za kutumia vitu mpaka mwisho, upate kuwafunza wanao wanaotupa nguo kila msimu. Nakuandikia mimi kwa niaba yake, na sababu utaiona.

Shuka ikichakaa katikati, ipasue kwa urefu, kisha ushone kingo za nje pamoja ziwe ndiyo katikati mpya. Ikichoka tena, ikate foronya. Foronya ikichoka, vitambaa vya jikoni. Na kilichobaki kijaze mto. Nguo isiitwe tambara kabla ya kung'olewa vifungo na zipu. Vipande vya sabuni vilivyokonda vitie ndani ya soksi iliyopotelewa na mwenzake, uifunge, ufulie. Maji ya kuoshea mchele yapeleke kwenye maua. Haya nimeyaona tangu nilipomwoa, na nimeyatolea mfano mara nyingi nikifundisha kwamba ubadhirifu ni kumkosea adabu Mtoaji.

Sasa nikueleze jambo ambalo kalamu imekuwa ikilikwepa. Dada yako ameanza kupotewa na kumbukumbu. Mikono yake ingali inajua kila mshono, ila yeye hajui tena kipi kimechakaa na kipi kizima. Kila nguo machoni pake ni kuukuu inayongoja kuokolewa. Alianza na taulo mpya. Kisha nikaikuta kanzu yangu ya Ijumaa imekuwa foronya mbili, zimepigwa pindo la kupendeza. Siku hiyo nilikwenda msikitini na kanzu ya kulalia chini ya koti, na muadhini akaninong'oneza, "Sheikh, umetoroka hospitali?" Nilicheka naye. Nilikuwa bado naweza kucheka.

Mwezi huu aliikata sare ya binti yetu, muuguzi, asubuhi ya zamu yake. Binti aliikuta jikoni, imekuwa vitambaa vya kufutia vyombo, vimekunjwa vizuri. Mama yake akamshangaa: "Unalia nini, mwanangu? Mifuko nimekuachia mizima." Binti akanigeukia. "Baba, mkasi huu uondoke, la sivyo nitaondoka mimi." Sikumwona mkosefu wa adabu. Nilimwona amechoka.

Niliuficha nyuma ya vitabu vyangu. Dada yako akautafuta kutwa nzima, chini ya godoro, ndani ya pipa la mchele, hata kwenye viatu vyangu. Hakugombana na mtu. Alikuja tu akaketi mbele yangu na kuuliza kwa sauti ndogo, "Bwana, mama akirudi nitamwambia nini?" Nikautoa. Kesho yake pazia la sebuleni likawa aproni.

Daktari ametusikiliza kwa heshima, lakini hakuwa na tiba ya kutupatia. Nimeomba matambara kwa majirani, na fundi cherehani wa mtaa wa pili hunipa mabaki yake, lakini mikono ya dada yako huyamaliza upesi. Siku hizi namrudishia kazi zake mwenyewe. Huzikagua, hukunja uso. "Nani huyu kashona hovyo hivi? Alikuwa anakimbizwa?" Kisha huzifumua na kuanza upya. Mimi niliyewakataza watu kupoteza hata tone la maji ya udhu, nakaa kando nikitazama kazi isiyozaa hata tambara moja, nami naomba isiishe, kwa kuwa ndiyo saa pekee nyumba yetu inapotulia.

Utakumbuka gauni la buluu ulilomletea, ambalo hakulivaa kwa kulionea huruma. Nililikuta mapajani mwake limekwisha kukatwa. Nilipomuuliza, akanijibu kama anayemweleza mjinga, "La Kidogo. Shule zinafunguliwa, na hana la kuvaa." Ndilo jina alilokuita utotoni, nami sikumwambia kwamba Kidogo wake sasa ana wajukuu. Nimelitia ndani ya bahasha hii. Tazama pindo: ameliacha pana, lishushwe utakaporefuka.

Shemeji, mkasi ni wa marehemu mama yenu, aliowaachia nyinyi wawili. Sioni kuwa nina haki ya kuuondoa pasi na idhini yako. Binti anangoja jibu. Nami nakiri mbele ya Mungu kwamba naogopa utakataa, na naogopa zaidi utakubali. Nimeomba kuongozwa katika kila sala, na bado sijui nikuombee useme lipi. Ukiwa na nguo zilizokwisha kazi, zitume. Usitume mpya.

Nisalimie mumeo, na wanao wote, na yule mjukuu mtundu aliyevunja miwani yako. Binti yetu anakubusu mkono. Mola aizungushie nyumba yako ulinzi Wake, akupe afya isiyokatika, na asiwaondolee wanao kumbukumbu ya uso wako.

Dada yako yuko hapa ubavuni mwangu. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Anasema usimame wima ukutani, upimwe, umletee urefu wako kabla hajakata la pili.

Wako akupendaye na kukuombea daima,
Shemeji yako