Ufalme Huu Ulianza na Nani?

3 Oktoba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama mzima, goti humsumbua asubuhi tu. Wewe je, na macho yako? Ile taa ya chumba cha kushonea wameibadilisha, au bado mnashona sare za wauguzi kwa kukisia?

Sasa kaa chini. Tumechukua kombe la mpira wa kikapu, la tatu mfululizo! Sisi wasoma mita za maji, ambao watu wakituona getini wanafungulia mbwa. Gazeti limeandika kwa herufi kubwa: UFALME. Chini yake picha yangu, jasho tupu. Mama ameibandika sebuleni, pale palipokuwa na yako. Yako ameihamishia kwenye korido, usijali, ukifungua mlango inaonekana vizuri.

Kamati ya klabu inataka kuandika neno hilo kwenye ukuta wa uwanja, na chini yake jina la nahodha. Mmoja tu, maana ukuta wenyewe mfupi. Nimekuwekea kipande cha gazeti.

Mdogo wako


24 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, taa ni ile ile. Mwambie Mama aache kupanda viti kubandika mapicha.

Hongera. Nimeandika hongera, umeiona? Haya, sasa tuzungumze. Ufalme gani? Makombe matatu katika ligi ya timu sita! Wakati wangu tulikuwa timu kumi na nne, na viatu tulivaa kwa zamu. Nilichukua mawili nikiwa nahodha. Nikaondoka, mwaka uliofuata mkapoteza, ndipo mkaanza haya yenu. Hesabu vizuri basi: makombe matano katika miaka sita. Ule mtindo wa kumpasia mwenzako anayechomoka nyuma ya mlinzi, mnafikiri kocha aliuota? Mimi nilimwonyesha, kwa vikombe vya chai mezani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Gazeti nimelisoma mara nne, hata matangazo ya vifo upande wa pili, na jina langu halimo.

Picha niliwaonyesha wenzangu kazini. Wakasema, "Huyu ndiye mdogo wako? Kwani na wewe ulikuwa unacheza?" Nikarudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kulia mahali pa wa kushoto, msimamizi akanifokea kama mwanafunzi.

Mcheza kwao hutunzwa, na mimi niko mbali. Lakini sina wivu. Nasema tu ukuta uandike ukweli.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Miezi mitano sijakuandikia kwa sababu nilikuwa nimenuna. Sasa nimechoka kununa.

Eti huna wivu! Barua yako ilifika inatoa moshi. Basi na mimi nikwambie langu. Niliporithi jezi yako nilikuwa na miaka kumi na tisa, na misimu miwili mizima jukwaani niliitwa Mdogo wa Nahodha. Nikifunga: "Damu ya dada yake." Nikikosa: "Dada yake asingekosa ile." Uliondoka, lakini hukuondoka. Nilikuonea wivu, nawe uko ng'ambo unashona.

Kocha anasema kombe moja ni siku nzuri, mawili ni timu nzuri. Ufalme ni pale ambapo kila mtu ameshakusoma, anakungoja, na bado unamfunga. Kamati imemsikia, imesema rangi isubiri. Tukichukua la nne, jina langu linaandikwa. Tusipochukua, ukuta ubaki mweupe.

Ndiyo maana nakuomba dua. Bega langu la kushoto limeharibika tangu nilipotumbukia kwenye shimo la mita. Nikisukumwa upande huo siwezi kurusha, mpira haugusi hata wavu. Anajua Mama, anajua Kijiko, yule mfupi wetu anayechota mipira mikononi mwa watu, maana ndiye hunipaka dawa. Na sasa wewe. Yaishie hapo.

Mdogo wako


2 Agosti

Dada,

Mbona kimya? Unaumwa? Mama anauliza kila siku kama posta imefungwa. Fainali ni tarehe ishirini na saba Septemba, na tukifika huenda tukakutana na timu ya Posta. Kocha wao sasa ni Twiga, rafiki yako wa zamani mliyecheza naye. Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako


29 Septemba

Dada,

Hali ya Mama nzuri. Yangu usiulize.

Tumepoteza kwa pointi mbili. Tangu dakika ya kwanza mlinzi wao aliziba kulia kwangu kote, kushoto akaniachia wazi kabisa, kama anayemkaribisha mgeni. Nilirusha mara kumi na moja upande ule. Iliingia moja.

Hawakubahatisha, Dada. Mtu aliwaambia. Mama hawezi, wewe huwezi, amebaki nani? Kipenga kilipolia nilimwendea Kijiko pale pale katikati ya uwanja, watu bado hawajatoka. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, ametuuza. Akasema, "Mimi?" Nikasema, "Nani mwingine?" Akavua jezi, akaikunja vizuri, akaniwekea miguuni, akaondoka na fulana yake ya ndani. Wachezaji wanne wamemfuata. Mazoezi ya jana tulikuwa watano, na kocha.

Mdogo wako


14 Oktoba

Mdogo wangu,

Leo salamu zinanikwama. Nenda kwa Kijiko kabla hujamaliza kusoma. Hakusema yeye. Ni mimi.

Mwanzoni mwa Septemba nilimwandikia Twiga. Nilijaza kurasa mbili za habari za kawaida, watoto wake, mgongo wangu. Mwishoni nikaongeza mstari mmoja: mdogo wangu kushoto hawezi. Nilipouandika niliona raha. Nakwambia ukweli, niliona raha. Nilipolamba bahasha nikaona aibu, na bado niliipeleka.

Nilitaka ukuta ubaki mweupe. Kama hauna jina langu, basi usiwe na la mtu. Nina wivu nawe tangu Mama alipoitoa picha yangu sebuleni, na kabla ya hapo, tangu ulipochukua kombe la kwanza bila mimi na dunia ikaendelea kuzunguka. Nilidhani ningesikia nafuu mkipoteza. Nimesoma barua yako chooni kazini, msimamizi akaja kugonga mlango.

Hii barua wasomee wote, Kijiko akiwepo. Usinifichie.

Dada yako


30 Novemba

Dada,

Niliisoma mbele ya wote, kama ulivyosema. Nilikwenda kwa Kijiko mwenyewe kumwita. Alisikiliza amesimama mlangoni. Nikamwomba radhi. Akasema, "Sawa," akaenda zake, na mpaka leo hajarudi. Wale wanne nao hawajarudi. Timu imejiondoa kwenye ligi ya mwaka huu.

Kisha nikaenda kwa Twiga na barua yako mkononi, nimtukane na yeye. Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na bahasha yako. Akanionyesha muhuri. Ilifika tarehe mosi Oktoba, Dada, siku nne baada ya fainali. Akacheka kidogo, akasema hata kama ingewahi, ya nini? Kwenye nusu fainali alikaa jukwaani na daftari, akaniona mwenyewe ninavyolilinda bega. Mtoto angeona, alisema.

Kwa hiyo hukutuangusha wewe. Twiga alitufunga kwa macho yake, na timu niliivunja mimi kwa mdomo wangu, mbele ya watu, bila msaada wa mtu. Mstari wako haukufanya kitu chochote. Nilidhani hilo lingenipunguzia hasira, na halijapunguza, kwa sababu uliuandika.

Mama anakusalimu sana. Sijamwambia na sitamwambia. Salamu za kwangu, nivumilie, zitachelewa.

Mdogo wako