Filamu ya Bwana Tofali

Mjomba,

Nimeitazama ile filamu. Nimeitazama yote, mpaka yale maandishi ya mwisho yanayopanda juu, ambayo wewe ulikuwa unayazima na kusema, "Haya, hao ni wapishi na madereva wao, Mungu awabariki, nendeni nyumbani." Nimeitazama peke yangu chumbani Kihonda, kwa Kiingereza chake chenyewe, bila sauti yako juu yake, na nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema ni takataka, tena mbele za watu.

Wewe hukuwahi kunikumbusha siku ile, basi nitajikumbusha mwenyewe. Ilikuwa Idi, mwaka wangu wa pili chuoni. Banda lako la video pale Mkuyuni lilikuwa limejaa mpaka watoto wamekaa juu ya mapaja ya watu wasiowajua. Ulikuwa kwenye kigoda chako kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, ukiwageuza Wazungu wote kuwa Waluguru. Daktari wa meno, dereva wa basi na mpishi wa shule, watu wazima wenye vitambi, wanapuliza vumbi kwenye kaseti ya gemu waliyoicheza utotoni, wanaichomeka, na mle ndani anatoka mtu mwenye mwili wa pembe nne nne. Ukamwita Bwana Tofali. Hajui kitu isipokuwa kwenda kulia, kuruka, na kuokota kila kinachong'aa. Hawezi kuzunguka kitu, lazima akiruke. Alipofika kwenye meza ya harusi, wewe ukasema kwa sauti ya mwenye harusi, "Jamani mshikeni, keki ina deni!" Bibi mmoja akavua kilemba kujifutia machozi.

Mimi nilisimama mlangoni na simu yangu. Nilikuwa nimesoma kwamba wakosoaji huko ilikotoka wameiponda filamu ile, wakasema haina kichwa wala miguu. Nikapaza sauti: "Mjomba, hii dunia nzima imeikataa. Ni takataka, na wewe hata hicho wanachosema hukielewi."

Ulinitazama, ukacheka kidogo, ukaitoa sidii ukaweka ya karate. Mimi nikageuka nikaondoka na bodaboda ya kwanza, nikijiona nimesema kweli.

Ni kweli, Kiingereza chako kilikuwa cha kuombea maji, na hata hayo maji ungeletewa chai. Lakini gemu ulizijua. Ulipokuwa kijana ulilinda kibanda cha gemu mjini, ukipuliza kaseti za watoto wa watu kutwa nzima, ukijua ipi inakwama na ipi inataka kupigwa kofi. Wale wakosoaji walitafuta hadithi. Wewe uliona wanaume watatu waliokuwa na furaha moja utotoni na hawakukubali kuionea aibu ukubwani. Sasa nimeitazama na kuisikia kwa masikio yangu mwenyewe na nakuambia, Mjomba, ndicho kilichomo. Hadithi inavuja kama bati la zamani, lakini furaha ile ni ya kweli, na wewe uliipata bila kamusi.

Nikupe habari za msiba wako, maana najua ungependa kusimuliwa. Presha ilikuangusha kule juu shambani, kwenye migomba, na ukashushwa na vijana sita kwa ile njia ya utelezi. Mvua haikukatika siku mbili. Watu walikuwa wengi hadi chai ikapikwa kwa mapipa. Na mtani wako, Mzee Kobelo, hakukuacha upumzike. Unajua ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata shehe hana. Alichukua upawa kutoka jikoni, akauweka mdomoni kama kipaza sauti, akasimama kando ya jeneza lako uani, kabla hujatolewa, na kuanza kuutafsiri msiba: "Hapa sasa, watazamaji, shehe anasema tuwe na subira. Lakini moyoni anauliza wali umeiva?" Shehe mwenyewe akainamisha uso, mabega yakitikisika. Kisha Kobelo akapiga magoti kwenye udongo na kusema yale maneno ya gemu uliyokuwa ukiyasema kila Bwana Tofali anapoanguka, ila akaweka jina lako: "Kibwana, inuka wewe, bado una roho mbili!"

Watu wakacheka, halafu wakalia, halafu sikujua kipi ni kipi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri kwamba kwa ajili yangu filamu ile ilikufa kabla yako. Niliamini hukuionyesha tena tangu Idi ile, na sikuwahi kukuuliza. Nilikuja kukuona mara ngapi baada ya hapo? Tulizungumza bei ya bizari, mitihani yangu, mguu wa mama. Mdomo ulikuwa mzito, Mjomba. Nilisema nitaomba radhi mara nyingine.

Baada ya arobaini, mkeo Mama Shani aliniita. Alisema banda lifunguliwe Jumapili saa nane mchana, na lifunguliwe na filamu ya Bwana Tofali. "Wewe si ndiye msomi? Shika kipaza sauti," akasema, na hakuwa anatania.

Nilijiandaa kama naenda kwenye mtihani. Nilitafsiri kila neno kwenye daftari, kwa usahihi, nikidhani hiyo ndiyo heshima ninayoweza kukupa. Nikakaa kwenye kigoda chako. Nikaanza kusoma. Daktari wa meno akasema alichosema kweli, dereva akajibu alichojibu kweli, na banda zima likanitazama kama nasoma taarifa ya habari. Tulipofika kwenye harusi, Bi Tatu muuza bizari akashindwa kuvumilia. "Sivyo, mwanangu! Hapo anasema keki ina deni!" Mwingine akadakia kutoka nyuma: "Na umeruka pale dereva anapomsalimia mbuzi!" Wanayajua wote, Mjomba. Kila neno lako. Nikafunga daftari nikalikalia, na tangu hapo sikutafsiri mimi, walitafsiri wao, mimi nilikuwa naitikia tu.

Nikaanza kujiuliza wameyajuaje hivi, kama hukuionyesha tena.

Kisha kikafika kile kipande. Binti wa daktari anamkuta baba yake sakafuni, ameshika kidude cha gemu, anamwambia mambo ya kitoto haya, mimi nakuonea aibu, kisha anatoka na kubamiza mlango. Baba anabaki anautazama mlango. Kwenye filamu hasemi kitu. Nimeirudia mara nne kuhakikisha, hasemi kitu. Kwa hiyo nami nikanyamaza.

Banda halikunyamaza. Walisema wote pamoja, wazee kwa watoto, taratibu, kama watu wanaoitikia dua: "Sawa, mama, umesoma. Lakini komeo sitalifunga. Siku ukitaka kucheka, njoo."

Nilimgeukia Mama Shani. Akaniambia filamu hukuiacha hata Idi moja. Uliirudisha wiki ileile, na maneno yale uliyaongeza siku hiyohiyo, na kila ukiyasema ulikuwa unatazama mlangoni. Watu walijua ni ya nani. Walidhani nami najua.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda, kwenye matope, mpaka viatu vikazama. Nisamehe. Nimeandika kurasa hizi zote ili nifike kwenye neno hilo moja. Ulikuwa mtu mwenye akili kuliko niliowasoma, na nilikuita mjinga kwenye sikukuu, mbele ya watu wako, nawe ukanijibu kwa wema ambao sikuwepo kuusikia.

Lala salama, Mjomba wangu. Mungu akupe nuru huko uliko, na majirani wanaojua kucheka.

Mimi nakuahidi hivi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nitapanda kuja Mkuyuni, nitakaa kwenye kigoda, na nitawaachia watu maneno yako kama ulivyoyaacha. Nitaongeza langu moja tu. Baba akishasema yale, filamu inaendelea kuuonyesha mlango kwa muda mrefu kidogo. Binti haonekani, yuko upande wa pili, kwa hiyo nafasi ipo. Hapo nitaweka kipaza sauti karibu na mdomo na kusema: "Shikamoo, baba. Nimekuja kucheka."

Mpwa wako,
Mwanahawa