Kiwanja cha Katonga

Buguruni, Dar es Salaam
12 Februari 1997

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mkubwa Safina. Mguu wake unaendeleaje? Mimi sijambo, kazi ya gereji ipo, ila joto la huku halina adabu.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wanaotoka huko wananiambia Kigoma si ile niliyoiacha. Tangu vita vya ng'ambo ya ziwa vianze kuvusha watu ziwani, mashirika yamejaa mjini, na mwenye nyumba ya bati na choo cha ndani anapangisha kwa bei anayotaka. Dismasi, yule niliyesoma naye Rusimbi, siku hizi ni dalali. Anasema Mzee Mwinshehe anauza kiwanja chake cha Katonga, pale mteremkoni juu ya mwalo wanapoegesha mitumbwi, ziwa lote unaliona.

Mama, nisipokipata sasa sitakipata tena. Nimekwenda kuposa, na baba wa binti ameniuliza mbele ya watu, "Kwenu una nini, kijana?" Hela nimezituma kwa posta. Nakuomba uninunulie wewe, mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Mwanao,
Swaibu

---

Ujiji
20 Machi 1997

Mwanangu Swaibu,

Marhaba, na salamu nyingi. Sisi wazima. Mama yako mkubwa mguu umepoa, anakwenda sokoni na kurudi na habari nyingi kuliko mboga.

Kiwanja kimekuwa chako, tumeandikishana. Ila nikuambie kweli, kina watu. Yupo mwanamke anaitwa Marsiana, ametoka Uvira na binti yake mdogo, Agape. Walishuka Katonga mwaka jana kwa mtumbwi uliojaa hadi maji yanaingia. Mumewe alibaki nyuma kuwatafuta wazazi wake. Mzee Mwinshehe aliwaruhusu kujenga kibanda wamlindie kiwanja, na hilo hakulisema mpaka nilipokwisha kutia saini.

Nilipomweleza Marsiana kwamba mahali pale pana mwenyewe mpya, alinishika mikono yote miwili. "Mama, mutuachie kidogo tu. Bwana yangu akikuya, tutaondoka." Nikamwambia nitakuandikia wewe kwanza.

Mama yako mkubwa ndiye aliyenistaajabisha. Aliposikia lafudhi ile alikaa chini palepale juu ya jiwe. Tangu marehemu baba yako amwoe na kumvusha kutoka Mtoa, ng'ambo ya ziwa, akiwa msichana, hajapata mtu wa kuzungumza naye kama walivyozungumza kwao. Sasa kila akipata nauli yuko Katonga, wanaanika dagaa pamoja.

Wape muda, mwanangu. Ardhi haikimbii.

Mama yako,
Mwanakombo

---

Dar es Salaam
2 Juni 1997

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mama Mkubwa naye msalimie.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara nimekasirika upya. Ardhi haikimbii, lakini mtu akikaa juu yake anaota mizizi. Leo kibanda, kesho migomba, keshokutwa ananiita mimi mgeni. Wenzangu wote wanajenga. Dismasi anasema kuna shirika linatafuta nyumba ya kupanga upande ule, na msingi ukionekana tu tunaweza kupewa hela za mbele.

Na isitoshe, hawa watu wana kambi yao Kasulu. Wanapewa chakula na turubai. Kwa nini wakae mjini? Waambie mwisho wa mwezi huu. Ukiona haya, mwambie mwenyekiti awaambie.

Mwanao,
Swaibu

---

Ujiji
15 Julai 1997

Swaibu mwanangu,

Marhaba. Hatujambo. Upepo wa kiangazi umeanza, vumbi limeingia mpaka kwenye chungu.

Nilikwenda na maneno yako mdomoni, nikarudi nayo. Nilimkuta Agape ana homa kali, mama yako mkubwa amempakata anamkanda kwa kitambaa cha maji. Aliniuliza, "Umekuja kusema nini, Mwanakombo?" Nikasema nimekuja kuangalia mgonjwa.

Usiku ule tuligombana, sisi ambao hatujagombana tangu tuolewe nyumba moja. Nilimwambia kiwanja ni cha mtoto. Akasema, "Mtoto ni wangu pia. Nilimbeba mgongoni mwaka mzima ulipokuwa umelazwa na kifua. Na mimi nasema asianze nyumba yake kwa kutoa watu nje." Nikazima taa nikalala.

Marsiana si mkorofi. Anasema kambini mumewe hataweza kumpata, kwa kuwa walipatana wakutane Katonga, wala si kwingine. Kila mtumbwi ukiingia anashuka mwaloni kutazama nyuso. Subiri mvua za mwaka huu zipite, baba. Ukija likizo tuzungumze naye wote kwa pamoja.

Mama yako,
Mwanakombo

---

Dar es Salaam
29 Agosti 1997

Mama,

Shikamoo.

Nimekuelewa. Usisumbuke tena na habari ya kiwanja. Nimekwishaongea na Dismasi, jambo hili atalimaliza yeye. Harusi tumeisogeza hadi mwakani.

Swaibu

---

Ujiji
19 Oktoba 1997

Mwanangu,

Salamu utanisamehe.

Wiki iliyopita ilitangazwa kwamba wageni wote wanaoishi mjini waende kambini. Alhamisi malori yalishuka Katonga asubuhi, watu wakiwa mwaloni wananunua dagaa. Hayakuhangaika kutafuta. Yalipanda moja kwa moja mteremkoni, kana kwamba kuna mtu amewaonyesha askari kwa kidole.

Mama yako mkubwa alikuwa pale. Askari walipomwamuru Marsiana apande, alisimama mbele yake. Muuza dagaa mmoja aliyekuwepo ndiye aliyenihadithia. Askari alimwuliza, kwa adabu tu, "Bibi, wewe wa wapi?"

Angesema Ujiji ingekwisha. Akasema, "Nimezaliwa Mtoa."

"Mtoa ya wapi?"

"Ng'ambo. Kwani kuna Mtoa ngapi?"

Akaulizwa cheti. Cheti gani, Swaibu? Alivushwa na mumewe enzi za Wabelgiji na Waingereza, hakuna aliyemwomba cheti. Wanawake wa mwaloni walipiga kelele, "Huyo ni wa Ujiji, ni mke wa marehemu Zubery!" Askari alisita. Mama yako mkubwa mwenyewe akawaambia, "Msisumbuke. Siwezi kumkana mama aliyenizaa hadharani, watu wananisikia." Akamchukua Agape mkononi, wakapandishwa wote pamoja na Marsiana.

Nilifika vumbi la malori likiwa bado hewani. Kibanda kimebomolewa. Dagaa zimekanyagwa. Nimekwenda kwa mwenyekiti, nimekwenda kwa wakubwa, kila mmoja ananituma kwa mwingine. Chumbani kwake kanga zake zinaning'inia, nashindwa kuingia.

Fanya lolote unaloweza.

Mama yako

---

Dar es Salaam
6 Novemba 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Sina usingizi tangu barua yako ifike. Kwa nini alikuwa pale? Si walikuwa watu wawili tu? Kwa nini hakusema tu kwamba ni wa Ujiji akaachwa?

Nenda Kasulu, nauli hii hapa. Mchukue mwenyekiti akushuhudie. Mwambie Mama Mkubwa aseme wanavyotaka kusikia, arudi nyumbani, hayo mengine tutayazungumza.

Mwanao,
Swaibu

---

Ujiji
4 Januari 1998

Swaibu,

Sisi wazima kwa kiasi chetu. Mvua kama za mwaka huu sijaziona maishani, kuta za Ujiji zinaanguka kama mikate iliyoloa. Barua hii sijui itakufikia lini, wanasema reli imekatika.

Kasulu nilikwenda. Mwenyekiti alinisindikiza, Mungu amlipe. Tulimkuta mama yako mkubwa kwenye turubai moja na Marsiana. Amekonda, anakohoa, lakini sauti ni ileile. Mwenyekiti alitoa ushahidi, mkubwa wa kambi akasikiliza vizuri, akasema, "Mama, uko huru. Nenda kwenu." Gari lilikuwa linangoja.

Alikataa.

Nilimwuliza kwa nini, nikalia mbele ya watu. Akaninyamazisha kama mtoto. Akasema, "Mwanakombo, wewe hujanikosea. Aliyenileta hapa ndiye aje anichukue."

Nikamwuliza ni nani. Akasema nimwulize Dismasi, kwa kuwa askari walilitaja jina lake siku ile.

Nimemwuliza. Hakuficha. Alisema, "Mama, msinitupie mimi. Ni Swaibu aliniagiza nitaje kiwanja kwa wahusika, malori yakianza. Alisema ndiyo njia isiyo na ugomvi."

Umesikia? Isiyo na ugomvi.

Nilikuzaa mimi, sitasema sikukuzaa. Lakini sitakuandikia tena mpaka uende Kasulu. Kiwanja chako kiko wazi. Njoo ujenge ukitaka, hakuna wa kukuzuia.

Mwanakombo

---

Kasulu
23 Aprili 1998

Mama,

Shikamoo, ingawa najua huenda usiitikie.

Barua yako ilinifikia Machi. Ningeweza kusingizia reli, lakini ilipofunguka nilikaa wiki mbili zaidi nikiogopa. Mchumba nilimweleza yote. Alisikiliza, akaniambia niende kwanza, mengine baadaye. Sijui kama yapo ya baadaye.

Nilifika jana. Mama Mkubwa alikuwa anachambua maharage mbele ya turubai. Nilipiga magoti kwenye tope. Hakunipiga, hakunitukana, ningependelea anitukane. Alisema, "Umekonda. Gereji hawakulishi?" Kisha akaendelea na maharage mpaka akamaliza, mimi nikiwa vilevile chini.

Halafu akanipeleka kwa yule mkubwa wa pale, akamwambia, "Huyu ndiye mwanangu. Mwulizeni mimi ni nani."

Nikasema ni mama yangu, wa Ujiji.

Akanishika bega. "Sema yote."

Nikasema ni mama yangu, amezaliwa Mtoa, ng'ambo ya ziwa, na amenilea Ujiji. Nikasema pia kwamba aliletwa hapa kwa sababu yangu. Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji waligeuka wakanitazama. Nilisema kwa sauti, Mama. Alitaka iwe kwa sauti.

Nilimwomba mkubwa Marsiana naye aje nasi, nikasema nina kiwanja, nitamjengea. Alisema kwa upole haiwezekani, hana ruhusa ya kuishi mjini. Kwa hiyo nilichokitoa kwa maneno machache siwezi kukirudisha kwa maneno mengi. Mumewe hajaonekana. Nimemwahidi Marsiana kwamba watu wa mwaloni wote wataachiwa jina lake na mahali alipo, mumewe akija kuuliza, na mimi mwenyewe nitakaa Katonga kuulizia kila mtumbwi unaotoka Uvira. Dar sirudi kwa sasa.

Sijui kama alisikia. Nilimwamkia mara mbili, hakuitikia. Agape ndiye aliyeitikia.

Tunatoka kesho na lori la mahindi, Mama Mkubwa atakaa mbele na dereva. Kifua chake si kizuri. Uwashe moto mapema, na umpashie maji ya kuoga.

Mwanao,
Swaibu