Samaki wa Kwetu Hawakuelewana

Laeken, Brussels
Jumatano, 19 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Aïcha,

Asalaam aleikum. Habari za Buyenzi, habari za mgongo wako, na shemeji Yusufu ameacha zile sigara au bado anajificha nyuma ya choo? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baridi imeshaingia. Mdogo wako Kadiri ana mafua tangu Jumapili na anaugulia utadhani amekatwa mguu. Unamjua.

Barua hii anakuletea Maman Euphrasie, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimpe mtoto wala mtu wa dukani. Utajiuliza kwa nini nahangaika na kalamu wakati simu zipo. Wifi, simu yako ni redio ya mtaa. Ukiipokea, Buyenzi nzima inajua nimepika nini. Na kuta za nyumba yetu huku ni nyembamba, neno halina pa kujificha. Kwa hiyo keti, funga mlango, soma peke yako mpaka mwisho. Kama ni kunitukana, utanitukana ukishamaliza, haki yako.

Nianze na samaki, kwa sababu jambo lenyewe nimelijulia kwao.

Uliliona kwenye picha lile tangi la kioo, aquarium wanavyoliita huku, alilonunua Kadiri kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anahama. Lita mia mbili. Si kubwa sana, lakini lilimtoa jasho kwenye ngazi. Alilitaka kwa ajili ya Mama yenu. Tangu mguu wake upooze anakaa kwenye kiti chake mchana kutwa, na Kadiri alisema mtu aliyezaliwa Rumonge, kando ya ziwa, asizeeke akitazama ukuta. Mama alicheka siku ile mpaka machozi. Samaki wa kutazama tu? Akauliza mkaa uko wapi na ndimu ziko wapi.

Mara ya kwanza Kadiri alinunua ovyo. Alichanganya wale wekundu wa maji baridi na vidogo vya maji ya uvuguvugu, hata mwezi hawakumaliza. Ndipo tukaenda kwa Ngoy, Mkongomani wa Kalemie mwenye duka la samaki wa mapambo Ixelles, kichochoroni nyuma ya Chaussée d'Ixelles. Anaongea mpaka mabasi matatu yanakupita, lakini kazi yake anaijua. Alituambia kwanza tutazame maji. Maji ya Brussels ni mazito, yanaacha ule ukoko mweupe kwenye birika, donc ndiyo maana yanawafaa samaki wa Ziwa Tanganyika. Kisha tuchague kwa makao: wa kukaa chini kwenye makombe ya konokono, wa kukaa kwenye mawe, wa kuogelea juu. Wasigombee mahali pamoja.

Kadiri alilisikia neno Tanganyika, basi, masikio yakaziba. Alichukua vile vidogo vya makombe, akachukua wa juu, akachukua mmoja mwenye mistari anayependa mawe. Halafu akawaona wale wenye mikia mirefu ya nyuzi, ambao huku wamepewa cheo kabisa, Princesse du Burundi, binti mfalme. Ngoy akamwambia, "Papa, bale ubaweke peke yabo." Unafikiri alisikia? Alisema ziwa ni moja, hawa ni ndugu, watashindwaje kukaa pamoja. Nami nilicheka, nikafungua pochi.

Sasa, wifi, unakumbuka maneno kama hayo tuliyasema lini tena?

Mwezi wa pili commune, serikali ya mtaa ya huku, ilitaka kutuletea msaidizi wa kumwogesha Mama. Alikuja hata kujitambulisha, anaitwa Lucienne, mama mtu mzima mwenye mikono ya upole. Tukakataa sote, wewe kule na sisi huku. Mgeni, tena asiye Mwislamu, amvue Mama nguo? Buyenzi wangesemaje? Ukasema utamtuma Naïma, mwanao mwenyewe, amtunze bibi yake, damu ni damu. Naïma akaja na ndagala wakavu wa ziwani kwenye begi na heshima zake zote, nasi tukasema alhamdulillahi, tumepona.

Najua nyusi zako zimeshapanda. Endelea kusoma, nakuomba.

Samaki walikaa vizuri mwanzoni. Kisha wale wenye nyuzi wawili wakashika jiwe kubwa, wakataga, wakapata watoto, na watoto nao wakawa walinzi. Kila wiki mpaka wao unasogea. Mama alikuwa anampenda yule wa mistari, alimwita Karani kwa sababu alikuwa akikagua kila jiwe kama mtu wa serikali. Basi Karani akaanza kuning'inia juu kabisa, pembeni, nyuma ya kile chuma cha kupashia maji. Halali wala hashuki. Nikadhani anaumwa, nikamnunulia dawa.

Nilipomweleza Ngoy, hata hakuniuliza maswali. "Haiko mgonjwa, maman. Banamufukuza. Ni pale tu bamemuachia." Nikamwambia mbona sijawahi kuwaona wakimfukuza? Akanicheka. Nikisimama mbele ya kioo wote wanakuja kungoja chakula, watu wazuri kabisa. Akaniambia nikae pembeni, nisiwashe taa, nisitikisike, ningoje mpaka wanisahau.

Na siku hizo hizo Mama alikuwa amebadilika. Midomo imepasuka. Jioni maneno yanamchanganyika, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Mwezi uliopita alizimia, na daktari akasema mwili umekauka, mama huyu hanywi maji. Naïma akasema Bibi anayakataa. Mama akatikisa kichwa kukubali, mbele ya Kadiri, na akaongeza kwamba mjukuu wake anamtunza vizuri. Nikaamini. Wazee wengi hukataa maji, ndivyo tulivyoambiana.

Alhamisi iliyopita mtambo wa joto uliharibika kule Auderghem, kwenye nyumba ya watoto wadogo ninakopika, watoto wakarudishwa makwao. Nikafika nyumbani mchana. Nilivua viatu mlangoni, na pale kwenye kibao cha viatu, ukikaa, unaliona tangi kwa ubavu na mgongo wa kiti cha Mama. Nikayakumbuka maneno ya Ngoy. Nikakaa na koti langu mwilini, kimya.

Niliwaona kweli. Walitoka jiweni, wakampandia Karani kule kule pembeni alikokimbilia, wakamnyofoa mapezi. Hakujitetea. Nilikuwa nainuka niende kumtoa, ndipo nikasikia Mama anasema, "Naïma, mwanangu, nipe maji kidogo."

Naïma alikuwa kwenye sofa na simu yake. Akasema, bila hata kuinua kichwa, "Bibi, si tulikubaliana? Ukinywa sasa utanikojolea, na mimi sikubadilishi tena mpaka jioni."

Mama akasema ni ya kulowesha ulimi tu. Naïma akainuka, akakichukua kikombe kilichokuwa mezani karibu na Mama, akakiweka juu ya kabati, mahali ambapo hata mimi nanyoosha mkono. Akarudi kukaa. Hakupiga kelele wala hakumgusa. Wifi, ni hilo lililonitia baridi, kwamba alikifanya kitu kile kama mtu aliyekizoea.

Mama hakuomba tena. Aliendelea kutazama tangi. Lita mia mbili za maji mbele ya macho yake, na ulimi umekauka.

Niliyomwambia Naïma sitayaandika, sitaki karatasi hii iungue. Mama nilimpa kikombe, akakimaliza, nikampa cha pili. Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akaniambia nisikwambie wewe. Mtoto atarudishwa kwa aibu, alisema, na Aïcha hatainua uso mtaani. Akasema siku zake zilizobaki ni chache, atavumilia. Umesikia? Mama yako amechagua kiu ili wewe usitahayari. Na mimi nimelivunja neno lake, Mungu anisamehe, kwa sababu siwezi kumwacha afe kwa adabu.

Naïma alilia. Alipiga magoti, akanishika miguu, akaniita tante, tante. Alisema tulimwahidi masomo, na tangu mwezi wa tatu hajavuka soko. Alisema usiku anaamshwa kila saa na mgongo umekwisha. Ni kweli yote hayo, wifi, tulimwahidi na hatukutimiza. Mwanao si shetani. Ngoy alinieleza kwamba hata wale samaki si wabaya. Ziwani wangemfukuza Karani kidogo, naye angeenda zake mwamba wa pili. Kwenye kioo hakuna wa pili. Namwonea Naïma huruma, lakini huruma yangu haimnyweshi Mama.

Nilimsamehe kwa mdomo, nikachukua siku za ruhusa nikakaa nao nyumbani. Jumamosi nikawatoa wale wenye nyuzi mimi mwenyewe, nikawapeleka kwa Ngoy kwenye ndoo, ndani ya basi, watu wananishangaa. Jumapili asubuhi Karani alikuwa anaelea. Nilikuwa nimechelewa.

Jana nimerudi kazini. Asubuhi nilijaza jagi, nikaliweka karibu na mkono wa Mama. Jioni nimelikuta limejaa vile vile, kando ya dirisha. Naïma akasema Bibi amekunywa ya bombani. Alisema kwa sauti nzuri, na Kadiri alikuwa amekaa hapo hapo.

Kadiri nimemweleza, tangu Alhamisi ile ile. Akaniuliza nimeanza lini kuchoka na ndugu zake. Basi hapo nimefika mwisho wa nguvu zangu. Mimi ni mke, mtu wa kuja. Neno hili likitoka kinywani mwangu ni fitina. Likitoka kinywani mwako ni amri, wewe ndiye dada mkubwa, na hajawahi kukubishia tangu akiwa na kaptula.

Nakuomba hivi. Usimpigie Naïma. Mpigie Kadiri, akiwa kazini, mwambie umefikiri na umeona mtoto wako aanze masomo yake sasa. Thérèse, yule rafiki yangu wa Ixelles, ana chumba na yuko tayari kumpokea. Hapatakuwa na kurudishwa wala aibu, mtu anaenda shule tu. Kisha mwambie umeridhia yule Lucienne aje amwogeshe Mama. Sema ni wazo lako. Usinitaje. Nisiposhukuriwa sitakufa.

Hili la mgeni najua litakuchoma. Lilinichoma na mimi. Lakini mgeni yule akifanya vibaya tutamwambia mlango ule pale. Mjukuu Mama hawezi kumwambia hivyo, na wewe umeshaona kwamba hata kulalamika hawezi.

Fanya haraka, wifi. Maman Euphrasie leo amepanda mchana kumjulia Mama hali, na kesho atapanda tena, lakini Ijumaa anasafiri na barua hii, na kuanzia Ijumaa mchana wote Mama na Naïma watabaki wawili. Asubuhi namnywesha kabla sijatoka, jioni namnywesha nikirudi. Katikati sina mkono. Jumatano ijayo, kama simu ya Kadiri haijalia, nitakwenda kwa daktari nimwambie nilichokiona. Huku jambo hilo likishasemwa haliwi tena la familia. Watakuja watu na maswali yao, wataangalia karatasi za Naïma, na wewe utasema Rukiya ameivunja nyumba yetu. Utasema. Mimi nitakwenda.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna kitu nikikificha nitakuwa nimekudanganya. Mama nikimpa maji sasa, anatazama mlango kwanza. Hata Naïma akiwa ametoka, hata nikimwambia tuko peke yetu. Anatazama mlango, halafu anakunywa haraka haraka, na kikombe ananirudishia kabla hajameza.

Nisalimie shemeji Yusufu, na Imani na watoto wake, na mama Mustafa wa pale kwenye cherehani. Mwambie kitenge alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Kadiri anakusalimu na mafua yake. Mama anakuombea dua kila baada ya alfajiri, anakutaja wewe kwanza.

Naïma naye amepita hapa jikoni sasa hivi akanikuta naandika. Nimemwambia namwandikia mama yake. Amesimama nyuma ya kiti changu kidogo, nami nimeweka mkono juu ya karatasi. Kisha akasema nikusalimu sana, na nikwambie Bibi hajambo, anakunywa maji vizuri. Nimekufikishia salamu zake kama alivyozisema.

Mungu akupe kifua cha kulibeba hili, na akutie neno la hekima mdomoni siku utakayopiga simu.

Wako akupendaye, hata wiki hii ambayo hutanipenda,

Wifi yako,
Rukiya