Mjaka, Nadra Ameruka Peke Yake

Mwaka umeshazunguka, Mjaka bin Ubwa, tangu tukubebe mabegani kukurudisha Makunduchi kwa wazee wetu. Uliondoka nyumbani Malindi, hapa mjini Unguja, kwa miguu yako mwenyewe kwenda hospitali na kifua chako, ukamwambia mkeo Mwanamkasi asikutilie chai, utakuja kuinywa ya moto. Tuliporudi mazikoni birika lilikuwa bado jikoni, majani yamo, hayajatiwa maji.

Tuliambiwa ni moyo. Wapo waliosema ni ile ndege uliyojifunza kuirusha iliyokuua, na wengine waliyasema hayo palepale matangani, wali wetu mdomoni. Majina yao tunayo. Tunawajibu hapa mbele ya wasomaji: ndugu yetu alifia kitandani hospitali, na ndege ile aliipenda kama mtu anavyompenda jirani mzee mwenye maneno mengi.

Ulikuwa fundi wa mashine za boti tangu ujana wako. Mtu akikuletea mashine iliyokufa, humuulizi kitu kabla hujamuuliza kama ameshakula. Ulikuwa ukiweka bisibisi juu ya mashine inayounguruma, sikio kwenye mpini, macho umefumba kama mtu aliyeko kwenye taarabu, kisha unataja ugonjwa. Nyumbani hukupaza sauti hata siku moja. Kelele zote za ukoo huu uliniachia mimi dada yako Biasha, na sikuwahi kukurudishia hata moja.

Kisha akaja Kapteni Shamsi, mtoto wa Shangani aliyezeekea nchi za watu akirusha ndege, akaja na ndege yake kongwe ya Kikanada, ile iliyoundwa kwa kazi za maporini na maziwani. Mashine ya duara puani, na chini, badala ya magurudumu, maboya mawili marefu. Watu wa Unguja Ukuu, ilikofungwa, wakaiita ndege ya mitumbwi. Shamsi alikuita umtengenezee mashine. Ukaitengeneza, ukafuta mikono, ukamwambia, "Sasa nifundishe."

Ulikuwa umeshapita hamsini. Baraza zima la Malindi lilicheka. Gharib muuza kahawa akakwambia, "Mjaka, ukifika huko juu utusalimie." Ukamjibu, "Ntakusalimieni, ila sidhani kama huko mnajulikana."

Ulijifunza kwa taabu, na sisi pwani roho zetu juu. Mkono wako ulikuwa umezoea mpini wa mashine ya boti, ambao ukitaka kwenda kulia unausukuma kushoto. Shamsi akisema kulia, wewe unasukuma kushoto, na ndege inainamia mikoko. Siku moja aliteremka jasho linamtiririka, akatwambia, "Mwanafunzi wangu huyu amenirudisha kwenye sala za sunna." Lakini ulijua. Na bintiyo Nadra, aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma kila mkiruka, alijua kabla yako. Asubuhi mlikuwa mkipampu pamoja maji yaliyovuja ndani ya maboya, wewe boya la kulia, yeye la kushoto, mkigombana nani amechelewa.

Ulipoondoka, Mwanamkasi alimkataza Nadra kuruka. Alisema, "Bahari imenilea, ardhi imenichukulia mume, na hiyo hewa siijui." Hatukumlaumu. Miezi ikapita, ndege imefunikwa turubai, na Shamsi macho yake yameanza kumuacha. Hapo ndipo walipokuja watu wa hoteli moja ya Kendwa. Walitaka kuisimamisha mchangani, waikate ubavu, wauzie vinywaji ndani yake. Kijana wao mmoja aliniambia kwa adabu, "Bi mkubwa, itakuwa kama makumbusho." Nikamwambia makumbusho hayauzi bia. Hilo lilimfukuza yeye, halikuifukuza shida. Shamsi alitwambia wazi kwamba hana nguvu tena ya kuitunza peke yake. Kama Nadra hamalizi mafunzo, ndege itakwenda Kendwa.

Nadra akaenda akakaa chini, miguuni kwa mama yake. "Mama, sikuja kukuomba ruhusa. Nnakuomba radhi."

Mwanamkasi aliendelea kuchambua mchele mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Kisha akasema, "Radhi ya kwenda nshakupa. Ya kutorudi sijakupa."

Hitma yako tuliisoma wiki iliyopita, na kesho yake ndiyo siku ambayo Nadra, aliyekuwa amerudi kufundishwa na Shamsi, alipangiwa kuruka peke yake kwa mara ya kwanza. Tulipomaliza kusoma, Mwanamkasi alimtuma Ismail mdogo wako kwa Maalim Abdulwahid, amwambie azidishe dua moja: Mungu aitulize bahari. Sisi ni watoto wa wavuvi, Mjaka. Kwetu shwari ndiyo salama. Maalim akaomba, tukaitikia amin, na yangu mimi ilisikika mpaka njiani. Hakuna aliyefikiri kumuuliza Shamsi.

Asubuhi ile Unguja Ukuu kulikuwa na upepo mdogo wa kupendeza, maji yamefanya vijimikunjo. Nadra alipampu maboya yote mawili peke yake. Akapanda, akawasha. Ndege ikakimbia juu ya maji ikivuta povu, ikajinyanyua, ikawa ndogo. Mwanamkasi alikuwa amesimama na Riyama na jamaa zake wengine wa palepale Unguja Ukuu, ameuma ncha ya mtandio wake.

Alipokuwa juu, upepo ukakata. Vijimikunjo vikafutika kimoja kimoja na ghuba nzima ikalala kama samli iliyoganda. Riyama akasema, "Alhamdulillahi, dua imejibiwa." Tukageuka kumtazama Shamsi tumpe mkono wa pongezi. Kumbe Shamsi amekaa chini mchangani.

"Nani kaomba hii?" aliuliza.

Nikamwambia, "Sote."

Akatweleza, maskini, bila kutukaripia. Bahari ikiwa kioo, rubani haoni maji yalipo. Anaona mbingu tu imelala chini. Anadhani yuko juu kumbe keshafika, akapiga pua. Au anadhani keshafika kumbe bado yuko urefu wa mnazi, akaiachia ndege ikaanguka kama jiwe. Mabingwa wamekufa kwa shwari. Na mafuta aliyotiwa yalikuwa ya mzunguko mfupi, hayakuwa ya kungojea upepo.

Sauti ya Nadra ikatoka kwenye redio mkononi mwa Shamsi. "Kapteni, maji siyaoni. Mawingu yako juu, na chini mawingu."

"Teremka polepole, pua juu, usiyatafute. Yangoje yakufikie."

Alikuja. Tulimuona akija, akisitasita hewani kama mtu anayetafuta kidaraja cha ngazi kwenye kiza, kisha mashine ikavuma na akapaa tena. "Naogopa kuachia," alisema. Mama yake alisikia kila neno.

Shamsi alimtuma Ismail akawashe kiboti chako aende akayavuruge yale maji. Ismail akavuta kamba, akavuta, na mashine ikakohoa ikazima. Tangu uondoke, Mjaka, haijaguswa na mtu anayeijua. Hapo nilikukasirikia, Mungu anisamehe. Nilitaka ufufuke uje na bisibisi yako.

Mwanamkasi akamuuliza Shamsi, "Wewe unataka maji yachafuke tu?"

"Yachafuke, Bi Mwanamkasi. Apate kitu cha kushika kwa macho."

Mwanamkasi akavua viatu. Alijifunga kanga kiunoni, akaingia baharini na nguo zake, na Riyama nyuma yake, na wale wengine. Wakafuata ukingo wa fungu la mchanga, kando ya pale ndege inapotua, maji yamewafika kiunoni, wakajipanga safu moja. Kisha wakaanza kuyapiga maji kwa viganja, namna ileile wanayopiga wakifukuza dagaa kuingia kwenye tando, zile nguo wanazovulia. Nami niliingia, na magoti yangu haya. Mawimbi madogo yakatoka kwetu yakatambaa, mstari baada ya mstari, mpaka ule upande wa kioo ukawa na makunyanzi kama bahari ya watu wazima.

Shamsi alipaza redio ili tusikie. Nadra alisema, "Nnakuoneni." Kisha, "Maji nayaona."

Akaja kwa mara ya pili. Boya moja likagusa, likaruka, yakagusa yote mawili, na ndege ikakaa baharini kama bata. Mashine ikazima. Mlango ukafunguka, Nadra akasimama juu ya boya, akaita, "Shikamoo mama."

Mama yake hakuitikia. Alikuwa bado anapiga maji. Nilimwambia, "Wifi, keshatua." Riyama akamwambia, "Mwanamkasi, mtoto huyo hapo." Hakuacha. Alipiga mpaka Nadra akateremka ndani ya maji, akaja kwa miguu, akamshika mikono yote miwili na kuituliza mwenyewe.

Watu wa Kendwa wamejibiwa watafute baa nyingine. Wiki ijayo Nadra anaruka tena, na usingizi wetu si mzuri. Tukisikia mngurumo angani, tunatoka nje hata kama sahani iko mbele yetu, tunatazama minazi kama inatikisika. Huu ndio urithi uliotuachia, Mjaka. Hatuukatai. Tungependa tu ungekuwepo uogope pamoja nasi.

Mwenyezi Mungu akurehemu, akupanulie kaburi, akulaze pema na wema waliotangulia.

Unakumbukwa na mkeo Mwanamkasi, bintiyo Nadra, mdogo wako Ismail, dada yako Biasha aliyeyaandika haya, Kapteni Shamsi, na jamaa wote wa Makunduchi, Malindi na Unguja Ukuu. Hata Gharib ametuma salamu, naye anasema bado anangoja zako.

Husahauliki kwetu, Mjaka. Si leo, wala siku yoyote tutakayopewa.