Nje ya Mlango wa Bafu

Jumatatu, 4 Machi 1974
Ndoo mbili za maji, kama kila siku. Nimemwogesha Nyamizi, mwanafunzi wa ualimu, nimemfunga vyuma vya miguu. Polio ilimkamata angali mdogo. Mwezi ujao anakwenda Usoke kufundisha kwa majaribio, na huko hakuna mhudumu kama mimi. Mkuu wa chuo ameniita: akishindwa kuishi peke yake, masomo yamekwisha. Nimpunguzie msaada kidogo kidogo.

Jumatano, 6 Machi
Amejifunga vyuma mwenyewe. Saa nzima. Mikono iliniwasha kumsaidia. Kachelewa darasani, wenzake wakacheka. Nimewachukia.

Jumanne, 12 Machi
Anapika uji. Anafua. Bado kuoga.
"Dada Felista, usiingie mpaka nikuite."
Nimekubali.

Ijumaa, 15 Machi
Nilisugua bafu kwa sabuni. Kengele ya kazi ya shamba la chuo ikalia, nikaondoka bila kusuuza. Jioni akaingia kuoga. Nikasikia gongo lake la kutembelea likianguka, kisha yeye. Nikashika kitasa. Hakuniita. Nikangoja, mjinga mimi. Nilipoingia, mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda.
"Niliona aibu kukuita," akasema.

Jumamosi, 16 Machi
Hospitali. Plasta mpaka juu ya kiwiko. Kwa mkono mmoja magongo hayawezekani. Sijala.

Jumatatu, 18 Machi
Mkuu anataka niandike kwamba Nyamizi ameshindwa. Karatasi iko mbele yangu tangu asubuhi. Nikiandika habari ya sabuni, huenda kazi sina. Wanangu wanne, baba yao marehemu. Naogopa.

Jumanne, 19 Machi
Nimeandika habari ya sabuni. Mkuu kasoma mara mbili.
"Mama, unajua ulichoandika?"
"Najua, mzee."
Nimehamishiwa jikoni. Nyamizi hakufukuzwa: aende kwao, arudi mwakani. "Nafasi ikiwepo," Mkuu akaongeza.

Alhamisi, 21 Machi
Stesheni. Baba yake kaja kutoka Urambo kumchukua. Nikamwamkia, nikamweleza kosa langu lote. Akasema: "Tumesikia, mama." Alitaka kumbeba bintiye. Nyamizi akakataa. Akaketi kwenye ngazi ya behewa, akajisukuma kinyumenyume kwa mkono wa kushoto, kidato kwa kidato. Watu wakatazama. Hakuniaga.

Jumapili, 31 Machi
Mvua tangu alfajiri. Ibada, kisha jikoni. Nimechambua maharage. Wapishi wanazungumza habari za tumbaku. Barua kutoka Urambo haijaja.