Kwa Mama Ziba, Aliyeziba Nyufa za Mji Mzima

Mama Ziba, mwaka umezunguka ukarudi pale pale ulipotuacha. Kabla hatujasema lolote tunaapa, kwa viapo vyote vinavyojulikana na viwili tulivyovibuni wenyewe, kwamba yote yaliyoandikwa hapa ni kweli tupu. Kalamu kaishika mumeo. Binti yako kaketi pembeni, anasoma kila mstari kabla wino haujakauka, maana anamjua baba yake.

Asubuhi ile ulipoondoka, wingu zima lilishuka mtaani likaingia hadi jikoni. Mumeo anasema lilikaa mezani, likanywa chai vikombe viwili, likatoka bila kuaga. Binti yako anasema kuingia liliingia, ila chai halikunywa. Basi tukubaliane kikombe kimoja.

Watu hawakukuita kwa jina lako. Walikuita Mama Ziba, kwa sababu ya ile methali uliyoibeba hadi kila mlango uliobisha: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kamati uliyoianzisha, ya watu sita wasiolipwa hata ahsante, waliiita Kamati ya Ufa, wakidhani wanakutania. Wewe ukachukua rangi nyeupe, ukaliandika jina hilo hilo kwenye mlango wa chumba cha nyuma ya maktaba. Wakakosa la kucheka.

Kazi yenu ilikuwa umeme usipotee na joto lisitoroke. Mji wetu uko juu, mahali ambapo hata jua huamka limevaa sweta, na nyumba zake za zamani zina milango iliyokonda kuliko fremu zake. Mlipita nyumba hadi nyumba. Ulikuwa na kipande cha kalenda kuukuu, na ukifika jikoni kwa mtu, salamu hazijaisha, tayari umekibana kwenye mlango wa friji na kukivuta. Kikitoka kirahisi, ulitikisa kichwa taratibu: "Mpira umekufa, mwenzangu. Poleni sana." Muuza vitambaa wa kona alilia kweli, akadhani umemletea habari za msiba.

Kisha mlikuwa na kile kipimo cha kimya. Mwenye nyumba anazima kila kitu, ninyi mnasimama mbele ya mita bila neno, mkitazama lile gurudumu dogo la ndani. Likisimama, mnapeana mikono. Likiendelea kuzunguka, basi kuna kitu kinanyonya umeme kwa siri, na mnaanza kukitafuta kwa masikio. Ulikuwa ukisema nyumba ikinyamaza, husema ukweli.

Aliyekamatwa akipoteza umeme hakugombezwa. Alishona. Sheria yako ilikuwa nyoka watatu wa mlango, ile mifuko mirefu ya kitambaa iliyojazwa unga wa mbao, ya kulazwa chini ya mlango upepo usipite. Alishona kwa mkono wake, kwa nguo yake mwenyewe, akiwa ameketi kwenye dirisha la chumba cha kamati mchana kweupe ili kila apitaye amwone. Hata mkuu wa maktaba alishona. Mumeo alimcheka siku mbili.

Mumeo, kama wasomaji wa gazeti hili wanavyojua, alipasua barafu kiwandani miaka thelathini na mmoja hadi akastaafu. Anasimulia kwamba mwaka wa baridi kali mwenzake alicheka, kicheko kikaganda hewani, wakakiweka ghalani, na Jumatatu kikayeyuka mbele ya meneja. Ulikuwa ukimsikiliza hadi mwisho, mkono shavuni, kisha unasema, "Mzee wangu, huo mdomo nao ni ufa."

Sasa tufike kwenye friji letu. Lile zee la kona za mviringo ulilihukumu wewe mwenyewe. Karatasi ilidondoka hata kabla hujaivuta. Lilikula umeme kama jirani anayekuja kila saa ya chakula. Ukiwa tayari kwenye kitanda cha hospitali ulimwambia mumeo, "Nikienda mimi, na lile liende. Usije ukaniaibisha mbele ya kamati." Akakuahidi. Na juma moja baada ya mazishi, akalitoa.

Binti yako ameweka kidole juu ya sentensi hiyo.

"Baba."

"Nini tena?"

"Futa."

"Kwani sikulitoa jikoni?"

"Baba, tumeapa."

Haya. Alilitoa jikoni, akalisukuma hadi chumba cha nyuma, akalifunika shuka, akalichomeka tena. Tupu, halina hata chupa ya maji.

Ni kwa sababu ya ule mvumo wake. Ulipokuwa ukiosha vyombo, sauti yako uliiazima humo, ile noti moja ya chini, ukajenga juu yake nyimbo zisizo na maneno. Miaka ishirini na sita mliimba hivyo, wewe na lile zee, naye mumeo alikuwa akisikiliza kutoka sebuleni akijifanya anasoma gazeti. Ulipokwenda ilibaki nusu ya wimbo. Kila alasiri alikuwa akiketi kwenye kigoda, ameuegemeza mgongo wake kwenye mlango wa friji, akisinzia. Anasema chumba kilianza kwenda polepole kama garimoshi lisilo na haraka, kuta zikawa nyembamba kama pazia, na upande wa pili kulikuwa na mtu anasuuza vikombe, kimoja kimoja, wala haviishi. Sentensi hii binti yako hajaigusa.

Kwa hiyo alikuwa amebanwa. Akilizima, anakuzika mara ya pili. Asipolizima, ahadi imevunjika, na kamati yako inageuka kichekesho, maana kwenye ubao wa kamati nje ya maktaba huandikwa kila nyumba na uniti zake za umeme, na nyumba ya Mama Ziba mwenyewe ilikuwa inapanda kama moshi.

Fundi viatu, ambaye ndiye mwenyekiti sasa, alikuja kuuliza. Mumeo akamwambia mita imezeeka, inahesabu hata mawazo, "na mimi siku hizi nawaza sana." Mwezi uliofuata akamwambia ni nyuki, wamejenga ukutani na wanalala na taa. Fundi viatu ni mpole, unamjua. Akaandika daftarini: nyuki.

Jumapili iliyopita kamati nzima ilikuja nyumbani kukukumbuka. Walivaa vizuri. Dada yako, mshona mapazia, aliwakaribisha, na fundi viatu akavua kofia akasema, "Shemeji, sisi hotuba hatuziwezi. Tumeona tumkumbuke kwa namna yake. Tuzime kila kitu, tunyamaze dakika moja mbele ya mita."

Hakuwa na hila yoyote. Lakini mumeo alianza kutoka jasho katika mji wa sweta.

"Dakika moja ni nyingi," akasema. "Nusu inatosha. Marehemu alikuwa mtu wa kubana matumizi."

"Shemeji," akasema dada yako, "nyamaza."

Wakazima. Wakasimama ukumbini, vichwa vimeinama, mwanga wa dirisha umelala sakafuni kama maziwa yaliyomwagika. Mbele yao gurudumu la mita lilizunguka, likazunguka. Kisha, kutoka chumba cha nyuma, ukasikika: mvumo ule, wa chini, mmoja.

Fundi viatu alifungua jicho moja. Binti yako alimgeukia baba yake. Lakini dada yako hakufungua macho. Aliichukua noti ile kama mtu anayepokea mtoto, akaanza kuimba juu yake wimbo wako usio na maneno, wote, na kona zake zote. Hakuna aliyekwenda kutafuta kinachovuma. Walisimama tu. Kwa muda ule, Mama Ziba, ulikuwa umesimama nasi, mikono yako ina povu. Mumeo anasema ilikuwa saa nzima. Binti yako anasema dakika nne.

Wimbo ulipoisha, fundi viatu akauliza kwa sauti ya kunong'ona, "Nyuki?"

"Nyuki," akajibu mumeo, na machozi yakamtoka.

Hakungoja kuambiwa. Alikwenda mwenyewe, akaivua ile shuka, akainama kwa magoti yake yanayolia, akachomoa plagi kwa mkono wake. Lile zee likatetemeka, likashusha pumzi, likanyamaza. Anasema kimya kile kilikuwa kirefu kuliko barabara yoyote aliyowahi kuiona mwisho wake, na safari hii hakuongeza chumvi. Walirudi kwenye mita. Gurudumu lilikuwa limesimama. Fundi viatu akampa mkono, kama mlivyozoea, akaushikilia kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

"Nyoka wangapi?" akauliza mumeo.

"Sheria ni watatu. Lakini wewe umeficha mwaka, shemeji. Mmoja kwa kila mwezi."

Kumi na wawili. Akachukua koti lake zito la kiwandani, lililomkinga na barafu miaka yote ile, akalikata vipande. Jumatatu alileta wawili walionyooka vizuri mno. Fundi viatu akageuza mshono mmoja, akacheka hadi akakohoa. "Mkono huu ni wa mshona mapazia. Wako, shemeji, ungeshona kama kuku anatembea kwenye matope." Dada yako akakiri. Hao wawili hawakuhesabiwa, na mumeo akaanza upya.

Wa kwanza, aliyevimba katikati kama aliyemeza yai, ameulalia mlango wa muuza vitambaa. Wengine sita wako kwa wazee wa mtaa wa juu. Friji limechukuliwa na fundi wa vyuma, na jina la nyumba yako ubaoni limeanza kushuka.

Watano waliobaki mumeo atawashona Jumamosi hii, kwenye dirisha la chumba cha kamati, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Anayetaka kuja kumcheka anakaribishwa. Asije mikono mitupu, alete kipimo cha upana wa mlango wake.

Hatakwepa. Anasema kwamba hadi jana sindano ilikuwa imemchoma mara mia tatu. Binti yako alihesabu kumi na tisa, lakini kwa ajili yako ameacha mia tatu.

Wanaokukumbuka ni mumeo, aliyeandika na kukiri, binti yako, aliyefuta, mkwe wako, wajukuu wako mapacha, wanaofunga milango kwa adabu, dada yako mshona mapazia, aliyesamehewa, na Kamati yote ya Ufa.

Mama Ziba, haitapita siku bila wewe kutajwa.